Migebuka Ndani ya Boksi la Damu

Ninyi mliopokea funguo za friji yangu ya damu, nawasalimu. Nasema yangu kwa mazoea tu. Najua ni ya serikali, na nimesikia mmeshaihamishia upande wa dirisha, jambo ambalo tutalizungumza siku nyingine kwa ukali. Siku ya kustaafu niliwakabidhi kila kitu: funguo, madaftari, namba za simu za wachangia damu na maboksi ya baridi ya kusafirishia. Mmoja wenu akaniuliza kwa nini lile boksi kuukuu la bluu limeandikwa DAMU TU kwa rangi nyeupe, tena kwa herufi zilizopinda. Nikamjibu kwamba ni habari ndefu na nina haraka. Sikuwa na haraka, nilikuwa na aibu. Leo nimekaa kwangu hapa Mpanda, miguu nimeinyoosha, chai ipo, na aibu imepungua. Nitawaambia.

Mimi naitwa Kresensia, ila madereva walinipa jina la Mama Boksi na ndilo lililonishika. Ni Mpimbwe, nimelelewa kwenye majaruba ya mpunga, na nilipoingia benki ya damu nilikuwa na cheti kipya na kichwa kigumu. Aliyenipokea ni Mzee Malaki, Mkonongo mmoja mfupi, mpole, ambaye alishika damu kwa mikono miwili hata kama anaipeleka meza ya pili tu. Watu wa huku wote husema chupa ya damu, ingawa chupa zenyewe ziliisha zamani na kinachotumika ni mfuko. Mzee Malaki alisema chupa, na mimi nitasema chupa.

Wiki yangu ya kwanza alinituma nifunge chupa tatu za kwenda kituo kimoja cha mbali. Jua la Katavi mnalijua. Nikasema moyoni, baridi ikizidi ndiyo usalama. Nikatoa barafu ngumu kwenye friza, nikalaza chupa juu yake, nikapanga barafu nyingine juu, nikafunga kifuniko na kujisifu. Kule walipofungua walikuta zimekuwa ngumu kama tofali. Zikarudishwa. Zilipoyeyuka, yale maji ya juu ambayo hutakiwa kuwa ya manjano yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Damu ya namna hiyo imekufa, na ukimwekea mgonjwa unaweza kumuua.

Mzee Malaki hakunigombeza. Alinikalisha, akanipa chupa moja niishike.

"Hii alitoa mwanafunzi," akasema. "Alikunywa soda, akala biskuti mbili, akarudi darasani anajua kamsaidia mtu. Sasa tunakwenda kuichoma. Sikia, mwanangu. Samaki ukimgandisha, anakaa. Damu ukiigandisha, inakufa. Usiifanye damu kama samaki."

Maneno hayo ya samaki yashikeni, tutayarudia.

Tangu siku ile nilijifunza kusubiri barafu. Itoe kwenye friza, iache mezani mpaka ianze kutoa jasho, kisha itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, iko tayari. Ipange pembeni, kati yake na damu weka kadibodi. Najua mna karatasi ukutani inayosema hayohayo kwa picha, lakini nataka mzoee kutumia sikio, maana sikio halihitaji miwani.

Kitu ninachojivunia kuliko vyote katika maisha yangu ya kazi ni mzunguko. Damu inakaa siku thelathini na tano, basi. Ukipeleka chupa nne kituo cha ziwani, upande wa Ikola, zinaweza kukaa mwezi mzima bila mtu kuzihitaji, halafu zikaharibika wiki ileile ambayo mjini tunahaha. Ukisema basi tusipeleke, siku mama anatokwa damu kule ziwani, kilomita zaidi ya mia za barabara ya vumbi, utamfikishia nini na saa ngapi? Tulikuwa tunachagua kati ya kutupa na kukosa. Mimi nikasema hapana. Chupa mpya ziende mbali, zikae huko zikilinda watu. Zikibakiza siku kumi tunapeleka nyingine mpya, na zile tunazirudisha mjini, ambako hazimalizi siku mbili. Mzee Malaki aliliangalia daftari langu muda mrefu, akasema ni sawa na kubadilisha zamu za walinzi. Vituo vikakubali. Miezi ile nilitembea kifua mbele, hata salamu nilikuwa naitikia nusu.

Halafu mzunguko huohuo nikaukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa binti yangu Editha kupata kipaimara. Mnajua kipaimara cha kwetu, ukialika nyumba tano zinakuja ishirini. Mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimewaambia mashemeji kwamba siku hiyo hawatakula nyama waliyoizoea, watakula migebuka wa ziwani, wabichi kabisa. Sherehe ilikuwa Jumapili. Ijumaa yake nikapata safari ya Ikola na dereva wetu Shija, Msukuma mrefu ambaye hamalizi kilomita bila kumtania mtu. Tulipeleka chupa nne mpya. Tulitakiwa kurudi na nne za zamani, na mbili kati ya hizo zilikuwa kundi O hasi.

Hapo nisimame kidogo. Mwenye O hasi anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini yeye akihitaji hupokea ya O hasi mwenzake tu, na wenye kundi hilo huku kwetu ni wachache mno. Mjini hatukuwa na nyingine hata moja. Shule zilikuwa zimefungwa, na shule zikifungwa benki ya damu inakauka, kwa sababu wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi. Yote hayo nilikuwa nayajua siku ile kama ninavyoyajua leo.

Boksi tulikuwa nalo moja, lile la bluu. La pili kifuniko chake kilikuwa kimepasuka. Tulipomaliza kushusha damu kituoni tukateremka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, nikawaona migebuka wanapakuliwa, wananing'inia mikononi mwa watu, wanang'aa. Nikaliangalia boksi langu, safi, lina barafu. Nikawaza kwa akili ya mtu ambaye ameshaamua: chupa zina siku kumi, wiki ijayo tunarudi huku, haziharibiki.

Nesi Veronika, aliyekuwa anashughulikia damu kule kituoni, alikuwa ameshaziandaa.

"Dada Kresi, hizi za kurudi si unazichukua?"

"Ziache kwanza," nikamwambia. "Nitazifuata wiki ijayo. Boksi lina shida kidogo."

Shija alinikuta napanga samaki ndani ya boksi. Alisimama, mikono kiunoni.

"Dada, nyie Wapimbwe mkiona samaki mnasahau hata mlichotumwa."

"Wewe endesha gari," nikamjibu, tukacheka wote wawili. Tulicheka njia nzima.

Jumamosi niliwahi kazini ili nioshe boksi kabla halijanuswa na mtu. Nilikuwa nimeinama bombani, povu mpaka kwenye viwiko, Mzee Malaki akaja. Akaniambia wodi ya wazazi kuna mama kaletwa kutoka Litapunga, anaitwa Kabula. Kondo la nyuma limekaa mbele ya mtoto, mama anatokwa damu. Daktari anataka kumpasua sasa hivi, lakini hawezi kuanza bila damu mkononi. Kundi lake O hasi.

"Zile mbili za Ikola umeziweka friji gani?" akaniuliza.

Maji yalikuwa yanatiririka, nikawa nayaangalia maji.

"Ziko Ikola," nikasema.

"Si jana ulikwenda kuzichukua?"

"Nilichukua samaki, mzee."

Aliliangalia boksi, akaiangalia sabuni, na harufu ikamwambia yaliyobaki. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana. Yeye akasema tu, "Piga simu."

Tulipiga. Mjini tulikuwa tunawajua watu wawili wenye O hasi. Mmoja alikuwa amesafiri kwenda Tabora, mwingine alikuwa ametoa damu majuma machache nyuma na hakuruhusiwa kutoa tena. Tukapiga hesabu ya barabara: Shija akitoka Mpanda mpaka ziwani na kurudi, siku imekwisha, na Kabula hakuwa na siku nzima. Lazima damu ianze safari kutoka kule, sasa hivi. Nikampigia Veronika nikamweleza. 

"Nitaiweka kwenye nini, dada?" akauliza. "Boksi si unalo wewe?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa miguuni pangu, linachuruzika povu la samaki.

Yaliyotokea Ikola alinisimulia Veronika mwenyewe baadaye. Alikimbia mpaka mwaloni, akakuta kanta, lori dogo la samaki, inapakia kuja Mpanda. Juu yake kulikuwa na boksi jipya la mfanyabiashara mmoja anayeitwa Mama Tabu, limejaa kuhe wa wiki nzima.

"Mama Tabu, naomba boksi lako."

"Na samaki wangu?"

"Watoe."

"Nani anaumwa?"

"Mama mmoja yuko Mpanda, anajifungua. Mimi simjui."

Mama Tabu aliangalia samaki wake, akaangalia ziwa. "Mimi nilijifungulia kwenye mtumbwi, nikapona," akasema. "Shusheni."

Kuhe wakamwagwa juu ya turubai, wenzake wakagawana kwenda kuwabanika. Boksi likaoshwa kwa maji ya moto ya muuza chai, mara mbili, kwa sabuni ya kituo. Veronika akazifunga zile chupa kwenye khanga yake mpya, akazungushia kadibodi, pembeni akapanga chupa za maji zilizogandishwa. Alikuwa amezitikisa kwanza akasikia maji yanacheza ndani. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Mwisho akachomoa kipimajoto cha friji, akakilaza humo ndani. Mama Tabu akapanda mbele kwa dereva, boksi mapajani, akaapa hakuna atakayelifungua mpaka Mpanda.

Shija aliondoka na gari la wagonjwa kwenda kuwapokea katikati ya njia. Mimi nilitaka kwenda naye. Mzee Malaki akanikatalia.

"Wewe nenda wodini," akasema. "Ukakae naye."

Hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupewa, na sijawahi kumlaumu mzee wangu kwa kunipa. Nikakaa kwenye stuli kando ya kitanda. Kabula alikuwa rika langu, viganja vyake vimekuwa vyeupe, midomo imekauka. Hakuwa analia.

"Damu inakuja?" akaniuliza.

"Inakuja."

"Iko wapi?"

"Iko njiani, dada."

"Nina wawili nyumbani," akasema. "Yule mdogo hata kuvaa hajajua."

Akanipa mkono nimshike. Ulikuwa wa baridi. Wangu ulikuwa unanuka samaki, ingawa nilikuwa nimeunawa mara nne. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona tena maishani. Niliogopa atauliza harufu ni ya nini, na nikajua akiuliza nitamwambia. Hakuuliza. Tukakaa hivyo, mimi nasikiliza geti.

Ilikuwa mchana tulipoisikia honi ya Shija. Mama Tabu aliteremka khanga imelowa mapajani, boksi kalikumbatia, akakataa kumkabidhi mtu yeyote mpaka ajue nani anahusika.

"Mimi," nikasema.

Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanipa. Mzee Malaki akasoma kipimajoto: nyuzi saba. Njiani ruhusa ni mpaka kumi. Akachukua sampuli, akalinganisha na damu ya Kabula, zikakubaliana. Akanikabidhi chupa ya kwanza.

"Nenda haraka," akasema, "ila usiitikise."

Nilitembea korido ya kwenda chumba cha upasuaji nimeishika kwa mikono miwili, kama nilivyomwona yeye akifanya miaka yote. Baada ya muda nikasikia mtoto analia kule ndani, msichana. Mama Tabu alikuwa bado yuko nje, anasubiri boksi lake. Aliniuliza neno moja tu, "Mzima?" Nikamwambia wazima wote wawili. Akaitikia kwa kichwa, akachukua boksi lake akaondoka. Mimi nikaenda nyuma ya stoo nikalia mpaka nikaishiwa.

Jumapili sherehe ilifanyika. Migebuka walipikwa, mashemeji wakanisifu, wengine wakaomba wafungiwe wa kwenda nao. Mimi nilisema tumbo linanisumbua, sikutia hata kipande mdomoni.

Jumatatu niliandika barua mwenyewe kwa mkuu wetu wa kazi, nikaeleza kila kitu bila kumtaja Shija. Nikapewa onyo la maandishi, na nilistahili. Mzee Malaki akaja na kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Andika," akaniambia.

"Niandike nini?"

"Wewe unajua."

Herufi zimepinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Sasa mmejua.

Sikuwaambia haya ili mnihurumie. Nimewaambia ili mjue kilichofuata, maana kilichofuata ndicho ninachotembea nacho kichwa juu. Kwanza, nilisumbua ofisi baada ya ofisi mpaka kila kituo cha mbali kikapata boksi lake, linalokaa hukohuko, ili asije akatokea Veronika mwingine anayeuliza damu aiweke kwenye nini. Walinichoka, wakanipa. Pili, nilianza orodha ya wenye O hasi wa mkoa mzima, nikajua kila mmoja anaishi wapi na anaogopa nini. Yupo askari wa wanyamapori pale Sitalike ambaye aliwahi kukimbizwa na kiboko, akarudi kwao anacheka. Huyo akiona sindano anazimia. Tukajifunza kumlaza kwanza, mke wake anamshika kichwa na kumsema kuhusu paa la nyumba linalovuja. Akianza kujitetea tunachoma sindano, na hajui saa ngapi imeingia. Ametoa damu mara nyingi kuliko wenzake wote wasioogopa.

Ninyi mna kundi la simu, chupa ikitoka Mpanda watu kumi wanajua. Mna vipimajoto vinavyokumbuka vyenyewe joto la safari nzima. Navipenda sana, nisiwadanganye, hata siku ya kwanza kuviona niliuliza vilikuwa wapi siku zote. Lakini kifaa hakijui kwamba mtu kaacha damu kwa sababu ya samaki. Hilo analijua mwenye boksi peke yake. Kuanzia siku ya ile rangi mpaka nilipowapa funguo, hakuna chupa iliyokaa mahali pasipo pake kwa uzembe wangu. Nalisema hili kwa sauti, na mtu abishe.

Limebaki moja. Kabula hakuwahi kujua. Aliruhusiwa kurudi kwao akatushukuru wote, akanishukuru na mimi, na mimi nikaitikia. Shukrani hiyo nimeibeba miaka yote kama kitu cha mtu mwingine.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilinunua migebuka, nikawatia kwenye ndoo, nikapanda bodaboda kwenda Litapunga. Nilimkuta uani anaanika mahindi, mama mzima mwenye mvi, sauti kubwa.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma changu kibovu.

Akaitikia, akanitazama, akanikumbuka. Tukaulizana habari. Yule msichana wa siku ile anasomea ualimu. Nikaona nikizungusha maneno nitaishia kurudi nayo, nikamweleza yote, kuanzia mashemeji mpaka sabuni. Aliacha kusambaza mahindi.

"Kwa hiyo damu yangu ilikuja kwenye boksi la samaki," akasema polepole, "kwa sababu samaki walikuwa kwenye boksi la damu."

"Ndiyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha.

"Siku ile ungeniambia nisingekusamehe," akasema. "Nilikuwa nagawa watoto wangu kichwani. Huyu nampa dada, huyu nampa bibi yake. Huyo wa tumboni sikuwa na wa kumpa."

"Najua."

"Hujui. Lakini uliushika ule mkono wangu mpaka mwisho, hilo nalikumbuka." Akachukua punje ya mahindi, akaitupa. "Na hao samaki walikuwa watamu?"

"Wageni walisema watamu. Mimi sikula. Sijala mgebuka tangu siku hiyo."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyefikishwa mtoni akagoma kunywa.

"Basi ulikosea mara mbili," akasema.

Akainuka, akachukua ndoo yangu, akaingia nayo jikoni. Tulikula wawili, sahani moja, ugali wa moto, na kila nilipokawia alinisogezea mnofu upande wangu. Nilikula, vijana. Nilikula mpaka miiba ikabaki mitupu. Nikapanda bodaboda kurudi Mpanda mkono wangu unanuka samaki, na safari hii sikuona haya.